Askofu Aliyetuchosha kwa Msamaha

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Baba Askofu anastaafu baada ya kuliongoza jimbo letu kwa miaka ishirini na miwili. Muda wote huo nimekuwa katibu muhtasi wake. Walioniomba niandike wasifu huu walisema niupambe. Nitajitahidi, lakini ukweli usemwe: kufanya kazi na mtu mnyenyekevu kunachosha.

Ni mtoto wa fundi viatu. Alifundisha seminari kabla ya kuletwa kwetu, na wiki ya kwanza tu akaanza kufungua geti mwenyewe kila mlinzi alipokwenda kula. Wageni walimkabidhi mabegi na kumwuliza, "Askofu yupo?"

"Yupo, karibuni," anajibu, huyo, mabegi begani hadi sebuleni.

Mlinzi akamlalamikia, "Baba, utanifukuzisha kazi!"

Ratiba nilizompangia zilikuwa maandishi juu ya maji. Wakubwa wamekaa sebuleni wakitazama saa, yeye ndani anamsikiliza mama aliyenyimwa sauti ya kwanza kwenye kwaya.

Lakini lililotumaliza kabisa ni suala la padre wa parokia ya mlimani. Padre huyo alikuwa mlevi. Siku moja alifika mazishini amechelewa, anayumba, akakosea jina la marehemu mbele ya mjane. Waumini wakamfungia kanisa na kutuma ujumbe: aondoke, au wataondoka wao. Kansela wetu, tunayemwita Kifungu kwa kupenda kunukuu sheria za Kanisa, alishaandaa barua ya kumsimamisha. Ilibaki sahihi tu.

Baba hakutia sahihi. Alituambia tupande gari.

Tulikuta kanisa limejaa watu walionuna. Padre alikuwa benchi la nyuma, kichwa chini. Mwenyekiti wa walei akasema, "Baba, tumevumilia vya kutosha. Amua leo."

Baba akavua kofia yake, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Mama, nisamehe. Huyu nilimleta huku peke yake, na miaka yote sikuwahi kumwuliza anaishije, anakula na nani. Mchungaji aliyesinzia ni mimi."

Kifungu akaninong'oneza, "Hili halina kifungu."

Mjane akasema, "Inuka, Baba. Wewe nimekusamehe. Yeye bado."

"Ni haki yako, mama," Baba akajibu, na hakumsukuma zaidi.

Padre tukarudi naye. Akapewa chumba nyumbani kwa askofu, ukuta mmoja na ofisi yangu, akaanza matibabu. Alirudia chupa mara mbili. Mara ya pili uvumilivu ulinishinda. "Baba, mtu huyu anakuchezea!"

"Inawezekana," akasema. "Lakini tukifunga mlango, akitaka kurudi atarudi wapi?"

Nilitoka nikabamiza majalada mezani mpaka Kifungu akaja kuuliza kama nimeanguka.

Hatimaye chupa ikaachwa. Padre akapanda mlimani peke yake kwenda kwa yule mjane. Aliporudi, macho mekundu, alisema neno moja tu: mjane amempa kiti. Sasa ndiye padre wa hospitali yetu, na wagonjwa humwulizia hata kabla ya daktari.

Mwezi uliopita, Kifungu na mimi tulimpeleka Baba akaone nyumba tuliyomwandalia ya kustaafia. Aliisifia rangi, akasifia bustani, kisha akatuambia ameshapata kazi. Atakuwa padre msaidizi hospitalini.

"Chini ya yule?" nikamaka.

"Amenikubali!" akasema, akichekelea kama kijana aliyepata ajira ya kwanza. "Ila kaniwekea sharti: nisichelewe wodini."

Kifungu akaketi kwenye ngazi za ile nyumba mpya. Mimi nililia, na mpaka leo sijui kama ni kwa hasira.

Baba, kwa niaba ya wote uliotuchosha, asante. Mungu akupe umri mrefu na magoti yenye nguvu, maana tunajua utayatumia. Na bosi wako akikuambia pumzika, tafadhali, tunakusihi, pumzika.