Soko Moja Tu: Maisha ya Marehemu Isidore Wilondja

Bamama na bababa, wafiwa wote, na ninyi mliofika ingawa marehemu aliwanunia, tulieni tumsindikize.

Isidore Wilondja alizaliwa tarehe 3 Mei 1914 kule Ubwari, akasoma shule ya misheni hadi 1929, akawa karani mjini Albertville, ambako alifuata masomo ya jioni ya ekonomia, akarudi mwaka 1938 na koti moja na nadharia nyingi, na koti ndilo lililotangulia kuchakaa. Tarehe 6 Januari 1940 alifunga ndoa na Dorothée, dada ya Nicolas, huyu aliyekuja kuwa muuzaji mwenzake, wakajaliwa Fabien, Immaculée na Pulchérie.

Kazi yake ilikuwa kuuza ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, hapa Baraka. Novemba 1955, wanunuzi wa Uvira walipobana bei, aliwakusanya wauzaji, akawafundisha kwamba bidhaa ikiadimika bei hupanda, basi wote wafiche ndagala nyumbani siku moja ya soko, soko moja tu, wakakubali, Nicolas wa kwanza kunyoosha mkono, na wa kwanza pia kufika sokoni na magunia, akidhani atauza peke yake, kumbe kila mmoja alidhani hivyo hivyo, ndagala zikajaa kuliko siku zote, bei ikaanguka, na aliyebaki nyumbani na neno lake ni Isidore peke yake. Juma lililotangulia aliwafundisha kwamba kila mtu hutafuta faida yake, na somo hilo, jamani, walilishika vizuri. Mvua, ambayo haikuhudhuria somo lolote, ikamwozeshea ndagala zote. Hakufundisha tena, na alipopita mlangoni kwa Nicolas alitazama ziwa.

Juni 1958, akiwa Ubwari, tumbo lilimvimba, na walewale waliouza siku ile wakampakia mtumbwini, wakapiga kasia upepo ukiwapiga usoni mpaka Baraka, wakakataa malipo. Isidore akatafuta faida yao, hakuiona, akakasirika upya.

“Shemeji, leo unanipigia kasia bule. Ile siku, soko moja tu, ilikushinda kungojea?”

Nicolas aliinamia kasia lake, akavuta kwa nguvu zaidi. Marehemu aliaga dunia tarehe 12 Agosti 1958.

Familia inamshukuru dakitari na wauguzi wake, majirani, na wauzaji wenzake wa ndagala, kwa maana leo ni siku ya soko, wanunuzi wa Uvira wamesimama pale toka asubuhi wakipandisha bei wenyewe, na hakuna hata gunia moja lililofika, magunia yote Nicolas ameyafungia nyumbani kwake.

Pumzika, Isidore, amani iwe nawe. Soko lako moja tumelingojea.