Fundi Saa Aliyetangazwa Kufa Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo mtanivumilia kidogo. Tunamkumbuka fundi saa mmoja, mzee wa miaka sitini na minane, aliyefariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Narudia: Jumanne, saa nne asubuhi. Narudia kwa sababu walioambiwa siku ile walikuwa ndugu mia mbili na kumi na wawili, na karibu wote hawakuamini.

Duka lake lilikuwa jembamba, ukiingia wewe sharti mwenzio atoke. Ukutani saa hamsini, kila moja na wakati wake. Mteja akiuliza ni saa ngapi, yeye humjibu, "Chagua."

Kwenye kona ya meza ya kazi ilikaa kompyuta kuukuu. Humo ndimo alimojenga tovuti ya ukoo wao, kwa miaka tisa. Kila ndugu ana ukurasa wake: picha, kazi, wazazi, watoto. Akialikwa harusini huenda na daftari. Bibi harusi hajakaa vizuri kitini, yeye keshamuuliza bibi yake mzaa mama alizaliwa mwaka gani.

Kilichomsukuma ni msiba. Kaka yake mkubwa alifia mji wa mbali, naye akapata habari wiki sita baada ya maziko. Wiki sita, wasikilizaji! Binti yake, mwalimu wa hesabu, anaikumbuka siku hiyo. "Baba hakulia. Alikaa sebuleni na viatu vyake miguuni mpaka jioni. Kisha akasema, katika ukoo huu hatazikwa tena mtu na nduguze hawajui."

Ndiyo maana tovuti ile aliipanga hivi: tarehe ya kifo ikiandikwa kwenye ukurasa wa mtu, papo hapo ujumbe unakwenda kwenye simu za ndugu wote.

Sasa, katika ukoo huu mjukuu hupewa jina la babu. Wajina walikuwa watano. Miaka mitatu iliyopita mmoja wao, dereva wa lori, alifariki. Fundi akafungua kompyuta. Majina matano yamepangana, yote mamoja. Akabofya, akaandika tarehe, akarudi kwenye saa zake. Kumbe amejiandika mwenyewe.

Haikupita saa moja, mlango wa duka ukajaa watu. Dada yake mkubwa alifika pekupeku, analia hajijui. Fundi akatoka na kioo chake cha kukuzia amekibana jichoni. "Kuna nini, dada? Nani kafa?" Dada mtu akamzaba kibao, binti anasema kilisikika mpaka kwa kinyozi wa jirani. Kisha akamkumbatia na kugoma kumwachia.

Binti akaifuta tarehe, baba yake akarudi kwenye orodha ya walio hai. Lakini tangu siku hiyo jina likamganda: Marehemu. Mkewe humwita, "Marehemu, chai inapoa!" Simu akiipokea husema mwenyewe, "Marehemu anaongea hapa." Binti alimsihi auondoe ule ujumbe unaojituma. Alikataa katakata. "Kosa langu mimi lisimnyime mtu kuzikwa na nduguze."

Jumanne ile binti alikuwa likizo, akapita dukani kumsalimia. Baba alikuwa ameifungua saa ndogo ya kike. Akasema, "Hebu nishikie hii," akainama juu ya meza. Binti alidhani anatafuta skrubu. Hakuinuka tena. Daktari alisema ni moyo. Wasikilizaji, mtu huyu hakuwa na hata mafua.

Maziko yalipangwa kesho yake, saa saba mchana. Basi binti akaketi kwenye kompyuta, akafanya kama baba yake alivyotaka. Jina alilihakiki mara nne. Akaandika tarehe. Ujumbe ukaenda.

Majibu yakaanza kuingia kwenye simu ya binti. Vicheko! "Marehemu tena?" "Mara hii hatudanganyiki!" "Akifika huko atuwekee nafasi." Binti anasoma, na baba yake hajamaliza hata saa sita tangu akate roho. Akampigia baba yake mdogo, ambaye ni fundi bomba. Naye alipokea kwa kicheko.

"Mpe simu mwenyewe, nimsikie."

"Baba mdogo, siwezi kumpa."

Halafu akasikia mtu mzima anaita jina la kaka yake, si kwenye simu, anaita tu humo chumbani alimo.

Wakagawana orodha, wakapiga simu mpaka sauti zikawakwama. Kila aliyepokea alitaka azungumze na marehemu mwenyewe. Wengi hawakupokea kabisa, dada mtu akiwemo.

Mazikoni walifika ndugu thelathini na mmoja. Kati ya mia mbili na kumi na wawili, thelathini na mmoja. Jeneza linatolewa mlangoni, dada mtu akashuka kwenye teksi, amevaa gauni la maua, anacheka. "Mwambieni atoke! Leo ananikoma, namzaba cha pili!" Akaliona jeneza. Akamgeukia binti, akauliza polepole, "Ni yeye?"

Kwa mke wa marehemu, binti yake, mdogo wake na ukoo mzima: poleni sana. Mungu awape moyo wa subira. Tovuti bado ipo, binti ndiye anayeitunza sasa. Ule ujumbe ameuondoa. Habari ya msiba kwao sasa inapelekwa kwa sauti ya mtu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkiletewa habari kama hii, hata na mtu mliyemzoea kwa utani, pigeni simu kwanza.

Kuna jambo nimelikwepa tangu nianze. Dada mtu yule ni mama yangu mzazi. Alipopata ujumbe alinipigia hapa hapa kazini, sauti inamtetemeka. Nikamwambia, "Mama, usijiumize bure, hivyo ni vituko vya mjomba. Kesho vaa upendeze, nenda ukamzabe." Mpaka leo hajanilaumu hata kwa neno moja. Mama, najua redio umeiwasha. Nisamehe.