Siku Niliyoacha Kuvusha Mbuzi Hai

Wengine mmenisalimu kwa asalaam aleikum, wengine kwa Bwana asifiwe. Nawarudishia zote mbili, maana nyama ninayouza imeliwa na pande zote. Mwenyekiti ameniomba niseme kabla hamjaamua kama chama chetu cha wafanyabiashara kiendelee kuvusha mifugo hai kwenda Kongo. Sitataja mtu kwa jina. Nitasema yaliyonipata.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, hapa hapa mjini. Marehemu mume wangu alikuwa akinunua mbuzi huko milimani, anawashusha mjini, kisha anawavusha mpaka wa Kongo hadi Uvira. Alipofariki, shemeji zangu walisema kazi ya mifugo si ya mwanamke. Nilikuwa na watoto wa kulisha na sikujua kazi nyingine. Nikafunga kitenge changu vizuri, nikapanda kamyo, lori la kubebea mbuzi.

Ndugu zangu, nawaambia, niliiweza. Wanunuzi wa Uvira wakanizoea, wakawa wananisubiri. Lakini mbuzi walikuwa wakifika wamekonda, wengine wamevunjika miguu kwa kubanana. Sote tulidhani biashara ndivyo ilivyo.

Kisha ikaja siku moja ya kiangazi. Tulikuwa tumeshapita Gatumba, tumekaribia Kongo, tukaambiwa mpaka umefungwa. Hakuna aliyejua sababu wala lini utafunguliwa. Kamyo zilikuwa zimebanana mbele na nyuma, huwezi kugeuza. Jua la kule bondeni mnalijua. Kufikia adhuhuri mbuzi walikuwa wamenyamaza, na mbuzi akinyamaza ndani ya kamyo, ujue mambo yameharibika. Nikamwomba dereva afungue nyuma. Akakataa, akasema wakitawanyika atalaumiwa yeye. Nikapanda mwenyewe, nikakata kamba.

Waliokuwa juu walishuka wakiyumba. Waliokuwa chini hawakushuka. Akina mama wa pale barabarani, ambao sikuwahi kuwaona, walikuja na bidoni za maji, wakawashika mbuzi vichwa na kuwanywesha kama watoto wao. Mmoja aliniuliza kama wote ni wangu. Nikachukua bidoni moja, nikaanza kunywesha nami. Mzigo mwingi ulikufa siku ile, na mtaji wangu ukafa nao.

Nilirudi nyumbani nikajifungia. Sikupika, sikutaka kuona mtu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyewalisha wadogo zake, na sokoni watu walisema tulimwonya.

Aliyenitoa ndani ni mteja wangu mmoja, mama anayeuza nyama Uvira. Mpaka ulipofunguliwa, alivuka kuja kunipa pole. Akakaa mkekani, akasikiliza yote mpaka mwisho, halafu akasema:

"Dada, mi siuzishake mbuzi. Mi nauzishaka nyama. Mbuzi yenye unaniletea, naichinja siku ileile. Sasa juu ya nini iteseke mu njia?"

Neno hilo likanikaa kifuani. Siku chache baadaye nikaenda kwa mchinjaji wa mtaani kwetu, mtu wa swala tano na kisu kikali. Akakubali tujaribu kwa mbuzi wachache. Tukawachinja alfajiri kwenye machinjio, daktari wa mifugo akaikagua nyama na kuipiga muhuri, tukaipanga kwenye masanduku ya barafu, tukavuka asubuhi kwa gari dogo.

Sokoni Uvira waliikataa. Walisema nyama ambayo hawakuiona ikitembea huenda ni kibudu. Sikubishana nao. Mchinjaji alikuwa amekuja nami, akawaeleza mwenyewe amechinja wapi na namna gani. Yule mama muuza nyama, rafiki yangu, akawasha makaa, tukachoma mishikaki ya nyama yangu upande mmoja, na upande wa pili ya mbuzi aliyevuka hai na kuchinjwa palepale, bila kuwaambia ipi ni ipi. Mzee mmoja mwenye kofia ya msikitini akala ya huku na ya huku. Akatafuna taratibu, akaelekeza kidole kwenye yangu.

"Mbuzi hii haikuogopa," akasema.

Masanduku yaliisha kabla ya adhuhuri. Nilisimama katikati ya soko lile nikalia mbele za watu, na sikuona aibu.

Leo ngozi zinabaki hapa, fundi wa Buyenzi anashona kwazo mikanda na viatu. Vichwa na matumbo wanauza akina mama wa mtaani. Zamani hivyo vyote tuliwapelekea wenzetu ng'ambo, na sisi tukabaki na vumbi la kamyo. Anayeendesha gari la nyama sasa ni binti yangu, na akipita na mimi nikiwa barazani, natamani kila mtu ageuke amtazame.

Nawasikia mkinong'ona: na mbuzi wa kufuga je? Huyo avuke hai, hatuwezi kumfuga mfu. Lakini avuke akiwa na nafasi, na kivuli, na maji. Anayekwenda kuliwa achinjwe hapa.

Nawashukuru akina mama wa barabarani, waliotoa maji yao ya kupikia kwa mifugo isiyo yao. Namshukuru mchinjaji wangu, na dada yangu wa Uvira aliyevuka mpaka kwa ajili ya pole tu. Nilichojifunza ni hiki: hasara inaweza kukulaza chini, lakini usiinuke ukarudi kufanya vilevile.

Basi, mwenyekiti, waite wanaotaka tuvushe nyama wanyooshe mikono. Mkono utakaopanda wa kwanza ni wangu.