Kitambaa cha Mjomba Kiwele

Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kando ya mlango wa fundi viatu, na kahawa inayonywewa pale naiuza mimi, mwanangu mgongoni. Asubuhi ile Mjomba Kiwele alifika macho mekundu. Ana ng'ombe wanne wa maziwa nyuma ya nyumba yake, ndiyo maana tukampa jina hilo. Hata siku ya shida hasahau wema. Alishusha kitambaa chake begani, akafuta umande benchini ili wenzake wasilowe, akanifutia vikombe maana aliona mikono yangu imejaa, kisha akampangusa mwanangu makamasi. Ndipo akaketi.

— Bi Harusi anaondoka leo, — alisema.

Bi Harusi ndiye ng'ombe kipenzi chake. Anatembea kwa madaha utadhani anapigiwa vigelegele.

— Anaondoka kwenda wapi? — Fundi aliuliza, nyundo juu.

— Bucha. Kiwele kimevimba, kina moto kama pasi. Maziwa yanatoka mabonge mabonge. Mwenye bucha yuko njiani.

— Si alianza kuugua yule mweusi?

— Alianza mweusi, sasa Bi Harusi. Hawa wawili waliobaki wakifuata, nitakamua nini? Ukuta?

Redio aliruka kutoka kwenye benchi. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

— Mimi najua! Ni mnara wa simu! Tangu usimamishwe, kuku wangu anataga mayai kama gololi.

— Kuku wako mzee, — Fundi alisema.

— Mzee wewe! Sikilizeni. Mawimbi yanaingia kwenye pembe, yanateremka uti wa mgongo, yanatafuta pa kutokea. Yatatokea wapi? Kwenye chuchu!

— Bi Harusi hana pembe, — Mjomba alisema kinyonge.

— Ndiyo maana ameumwa wa pili!

Fundi alicheka mpaka akadondosha msumari.

— Achana na mnara. Huo ni wivu. Mweusi aliugua, akabembelezwa. Bi Harusi akaona, akasema, kumbe hapa hupendwi mpaka uvimbe?

— Ng'ombe ajiamulie kuvimba? — Mjomba aliuliza.

— Mke wangu huumwa kichwa kila dada yake akishona gauni. Sembuse ng'ombe, mwenye kichwa kikubwa vile!

Nikamwonea huruma Mjomba. Nikamuuliza taratibu:

— Labda banda lina matope, Mjomba?

— Banda langu, mwanangu, ni kavu kuliko sebule. Na yule mweusi namuuguza kama mzazi wangu. Mwenzio ana maumivu, utamwacha asubiri? Namkamua wa kwanza kabisa. Namkanda kwa maji ya moto, nampangusa polepole, ndipo nawaendea wenzake.

Machozi yalinilenga. Wangapi wanauguzwa hivyo, hata binadamu?

Mara mwenye bucha akaegesha pikipiki. Mtu mnene, mpole, aproni begani. Na Mjomba, jamani, mtu amekuja kumchukulia kipenzi chake, lakini alisimama akampisha, akatwaa kikombe, akakifuta ndani na nje, akampa kwa mikono miwili.

Mwenye bucha alikishika bila kunywa.

— Samahani, mjomba. Hicho kitambaa ni cha kufutia nini?

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza.

— Cha... cha mkono, — Mjomba alisema. — Natoka nacho bandani.

— Na huko umemfutia nani?

— Wote. Nimeanza na mweusi, si ndiye mgonjwa, halafu Bi Harusi, halafu...

Kidole chake kilibaki hewani.

Redio alichungulia kikombe chake.

— Na hiki?

Kahawa ilimwagwa yote kwa mpigo, Fundi akitema mpaka barabarani. Mimi nilikuwa nimeshamshusha mtoto, namnawisha uso kwa sabuni.

— Kwa hiyo ni mimi? — Mjomba alikitazama kitambaa chake. — Nimewaambukiza huku nawabembeleza?

Mwenye bucha aliweka kikombe chini.

— Mimi simchukui. Nyama ya ng'ombe mwenye homa nitamuuzia nani? Panda pikipiki, tukamlete daktari wa mifugo kabla hajatoka kwake.

— Nilisema tangu mwanzo! — Redio alipiga kelele. — Wazima wakamuliwe kwanza, mgonjwa mwisho!

— Ulisema mnara! — Fundi alidakia.

— Mnara ni mfano!

Nikafungua mfuko wa mwanangu. Nepi zake zilikuwa humo, za kitambaa cheupe, nimezichemsha na kuzianika juani. Nikatoa nne.

— Mjomba, kila mmoja na yake. Na zichemshwe kila zikitumika.

Alinyoosha mkono kuzipokea. Akautazama ule mkono, akaurudisha.

— Ngoja kwanza, mwanangu. Ninawe.

Birika la pili lilikuwa na maji matupu ya moto, bado sijatia kahawa. Nikayapoza, nikammiminia, naye akasugua hadi viwiko. Nilipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Wote walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, mikono mbele, Redio akiwa wa mwisho, kimya.