Beseni la Papa Ignace

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba ya chuo chetu hapa Bukavu, Ignace Zagabe anastaafu. Alianza kama mpanga vitabu. Anaondoka akiwa mkuu wa chumba cha kusomea.

Wengi wetu tulipoajiriwa tulifundishwa somo moja: subiri agizo. Bomba likipasuka, subiri. Kioo kikivunjika, subiri. Somo hilo lilimpita Papa Ignace kando. Kitu kikimshangaza, alikwenda kukichungulia.

Kilimshangaza hiki: kwa nini chumba kilijaa wakati wa kiangazi, na mvua ikianza kikabaki kitupu? Sisi tulisema wanafunzi ni wavivu, jibu rahisi la watu walioketi. Yeye alisimama mlangoni asubuhi moja ya mvua, akaona vijana wakishuka kutoka mtaa wa Kadutu na viatu vilivyojaa udongo mwekundu. Wakifika kwenye vigae, Maman Georgette, msafishaji wetu, anawafukuza. Papa Ignace alipomuuliza sababu, alimjibu: "Haya matope, njo weye utapangusa?"

Lilikuwa swali la haki: nani angeyapangusa? Kesho yake mlangoni palikuwa na beseni la maji, brashi mbili na gunia la kukanyagia. Wiki haijaisha, wasomaji walikuwa wengi kuliko viti, mvua au si mvua.

Katibu wa chuo hakufurahi. Beseni mbele ya chuo ni aibu, na nani aliliruhusu? Papa Ignace alikwisha kupata barua moja ya kujieleza, kwa kusogeza meza dirishani umeme ulipokatika. Ya pili ingemsimamisha kazi, na binti yake Gloire alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Sisi mashujaa tulimshauri aombe msamaha. Yeye akapanda ofisini kwa katibu, akasema: "Kama ni kosa, munisimamishe. Lakini beseni muliache, mvua ingali inanyesha."

Nyuma yake akaingia Maman Georgette: "Na miye munisimamishe. Maji njo miye nilichota."

Barua haikuandikwa. Hadi leo hakuna aliyeliruhusu beseni lile, wala anayethubutu kuliondoa.

Asante, Papa Ignace. Mihogo ya shamba lako kule Walungu ikuitikie, na magoti yakupe amani. Wiki iliyopita ulituuliza kwa nini wasichana huondoka maktabani saa tisa, mapema kuliko wavulana. Hatujui. Jumatatu tutasimama mlangoni, na hakuna aliyetuagiza.