Kilian Kapinga na Barua Iliyochelewa Miaka Thelathini

Jumanne, tarehe 31 Desemba 2024, saa kumi jioni, Bwana Kilian Kapinga atakabidhi funguo na kustaafu baada ya kuitumikia Yadi ya Magari ya Mwanabibi, hapa Mbinga mjini, kwa miaka thelathini na mwezi mmoja. Aliingia akiwa dereva. Anatoka akiwa Mkuu wa Madereva na Majaribio ya Magari, cheo alichojipa mwenyewe mwaka 2003 na ambacho hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumpokonya.

Wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi, Hasna, ndiye pekee niliyebaki hapa ninayemfahamu tangu siku ya kwanza. Mwaka ule nilikuwa karani wa baba yangu, marehemu Mzee Abdulhamid, mwenye yadi. Leo nimekalia kiti chake. Kilian amenisihi niandike mambo ya heshima tu, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sasa na asome.

Alizaliwa Litembo, kijiji cha huku milimani, mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa kahawa na mahindi. Alijifunza udereva kwenye malori ya ushirika, akabeba kahawa miaka tisa, na inasemekana aliweza kurudisha nyuma lori lililojaa magunia hadi mlangoni pa ghala huku mkono mmoja ukimenya muwa. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakamwagika vijijini na mizani zao, ushirika ukapunguza watu, na mwezi Agosti 1994 Kilian akapewa barua fupi ya kumshukuru kwa utumishi wake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na mchumba.

Mchumba mwenyewe ni Otilia, ambaye wote mnamjua kwa maandazi yake. Baba yake, Mzee Urbani, hakuwa mtu wa mzaha. Posa ya Kilian aliikubali baada ya kuisoma barua yake ya ajira mwanzo hadi mwisho, pamoja na mhuri. Sasa barua ile imekufa, akataka nyingine. Alisema wazi kwamba Krismasi ikipita bila barua ya kazi, posa inarudi kwa wenyewe na Otilia atapokea wageni wengine. Ndiyo maana Kilian akaja kwetu.

Alikuja mara tatu kuomba kazi, amevaa tai, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa. Mara zote tatu baba alimkatalia. Kwa maelezo yake, dereva wa lori amezoea kushindana na gari, na magari yetu mapya kutoka Japani yalihitaji kubembelezwa. Hata kumwacha ashike usukani aoneshe alichonacho, hapana. Isitoshe, madereva tulikuwa nao: binamu zangu wawili kutoka Kilwa, ambao kila wakiikaribia milima ya huku walianza kuaga na kutoa wosia.

Hapa lazima nieleze sheria ya mabuti, maana wageni hawataelewa. Msimu ule bei ya kahawa ilipanda kwa namna ambayo Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hawakuwahi kuiona. Sasa, Mmatengo mwenye hela haendi mjini amejipamba. Anakuja na koti lake linalonuka moshi, mabuti ya mpira yenye matope, na hasemi kitu. Baba, mtu wa pwani, hakulijua hilo. Mwezi wa tisa alimfukuza mzee mmoja wa mabuti aliyekuwa anapapasa pikapu, akidhani anatafuta kivuli. Mzee yule hakugomba. Alikwenda Songea, akanunua pikapu mbili kwa mkupuo, akarudi akazipitisha mbele ya yadi yetu taratibu, honi juu. Baba hakula siku hiyo. Kuanzia kesho yake akaweka amri: mwenye mabuti apewe kiti, soda, na gari lolote atakalo kulijaribu. Mwenye tai aangaliwe vizuri, huenda amepunguzwa kazi.

Na gari ambalo kila mtu alitaka kulijaribu lilikuwa moja. Lilikuwa jekundu, milango miwili, lina tabo ya kuongeza nguvu ya injini, limelala chini hivi, na likiwashwa linanguruma hadi vioo vya ofisi vinatetemeka. Baba alilileta kwa tamaa tu. Nani angelinunua Mbinga, na barabara zile? Lakini watu walivyolitaka! Fundi cherehani mmoja alidai anataka kuhakikisha kiti chake hakikunji suti. Ofisa mmoja alileta barua yenye mihuri miwili. Bwana harusi mmoja alikuja na bibi harusi kabisa, shela na yote. Baba aliwapa wote pole na maji ya kunywa.

Siri ya sheria ya mabuti ilimfikiaje Kilian? Karani mmoja alikuwa na mdomo. Tuendelee.

Jumamosi, tarehe 26 Novemba, alikuja mara ya nne. Safari hii alivaa koti kuukuu na mabuti yenye matope hadi magotini. Mabuti yalikuwa ya Mzee Urbani. Otilia aliyatoa nyuma ya nyumba alfajiri bila kumsumbua mwenyewe kwa maswali. Mtauliza, kwani baba hakumtambua? Hakumtambua hata kidogo, kwa kuwa siku zile hakuwa anawatazama watu usoni, alikuwa anawatazama miguuni. Kilian alikaribishwa kiti, akapewa soda, akainywa polepole kama mtu asiye na haraka na dunia. Naapa hakusema uongo hata neno moja. Hakusema ananunua, wala hakusema ana hela. Alisema tu kwamba angependa kulisikia lile jekundu. Baba akazoa funguo mwenyewe na kuketi kando yake.

Walikubaliana kwenda hadi darajani na kurudi. Darajani, Kilian akasema kwa upole kwamba hata wanunuzi wa kahawa huionja kwanza kikombeni kabla ya kutaja bei, na kwamba gari la kutumiwa milimani lionjwe milimani. Wakakamata njia ya Litembo. Kwa masimulizi ya baba, alishika kishikio cha mlango kwa mikono miwili na kusoma kila alichokumbuka tangu madrasa. Kwa masimulizi ya Kilian, baada ya kona ya tatu bosi aliachia kishikio na kuanza kucheka peke yake. Mimi naamini yote mawili yalitokea.

Kilian alikuwa na hesabu yake. Aliendesha kwa namna ambayo mwenye gari yeyote, akiona, angemwajiri hapohapo. Alipanga kugeuza gari kule ng'ambo ya bonde, kumrudisha bosi yadini salama, kisha amwambie ukweli wakati moyo wake umelainika. Hesabu nzuri kabisa, ila hakuiweka mvua. Waligeuza, wakateremka tena kwenye bonde la kijito kuelekea mjini, na mvua ya kwanza ya msimu ikashuka yote kwa pamoja. Udongo mwekundu ukawa sabuni. Gari likapanda hatua kumi, likateleza. Likapanda tena, likateleza. Tabo ilinguruma, matairi ya mbele yakarusha matope hadi kwenye paa, na gari likabaki palepale chini ya mlima.

Mlimani kulikuwa na watu wanapanda mahindi. Wakaacha majembe na kuteremka kutazama. Mmoja wao, wa kwanza kufika, alikuwa peku, na mniamini nikisema hakuwa peku kwa kupenda kwake. Mzee Urbani aliinama dirishani, akatazama miguuni kwa dereva, kisha usoni, akauliza mambo mawili kwa mfululizo: mabuti hayo si yangu, na barua ya kazi imetoka?

Mabosi wengi wangepiga kelele. Baba aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama Kilian usoni, akamkumbuka, tai na yote. Kilian alisema baadaye kwamba pale ndipo alipomwona Otilia akipokea wageni wengine. Baba aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu anayeweza kulitoa gari lile mle bondeni. Kilian akajibu kwamba kwa leo, katika bonde hili, yupo mmoja.

Akafanya jambo ambalo binamu zangu hawajalielewa hadi leo. Gari lile lilikuwa linavuta kwa matairi ya mbele, na mlimani uzito wote ulihamia nyuma, matairi ya mbele yakabaki yanapapasa. Basi akaligeuza, mkia ukaelekea mjini, akaweka rivasi, akapanda mlima ule kinyumenyume. Wakulima walitembea pembeni wakishangilia. Mzee Urbani alifuata kwa mbele, hatua chache kutoka kwenye boneti, akakazia macho kioo. Kwa mlima mzima, yeye na baba walitazamana uso kwa uso, mmoja amekaa kwenye gari la tabo, mwingine peku kwenye tope, na hakuna aliyetangulia kupepesa.

Juu kabisa baba alishusha kioo na kutangaza, watu wote wakisikia, kwamba huyu ataripoti Jumatatu saa moja kamili, miezi mitatu ya matazamio, na barua ya kuthibitishwa atapewa baadaye. Mzee Urbani alisema amesikia, na harusi anairuhusu kwa ushahidi wa umati. Barua ataisubiri. Kisha akarudishiwa mabuti yake, na Kilian akaendesha hadi mjini na soksi. Wakafunga ndoa Januari. Gari jekundu lilinunuliwa mwaka uliofuata na mtu wa Songea, ambako walau kulikuwa na lami.

Tangu hapo Kilian ameleta magari kutoka Dar es Salaam bila kuangusha hata moja. Amepeleka pikapu za wafanyabiashara wa dagaa Lituhi na Lipingo, ufukweni mwa ziwa, kupitia njia ambazo mbuzi huzifikiria mara mbili. Amefundisha madereva kumi na mmoja, akiwemo Vitalia, mwanamke wa kwanza kuendesha katika yadi hii. Na yule aliyepata gari kwa ujanja akageuka kuwa mgumu kuliko baba: hakuna mteja aliyejaribu gari la mbio hapa bila kwanza kulirudisha nyuma kutoka getini hadi posta, likiwa limenyooka. Wakubwa kadhaa wa wilaya walishindwa. Majina ninayo. Kasoro zake nazo zipo: huimba nyimbo za kwaya kwa sauti ambayo kwaya ilimwomba akaitumie kwingine, na kila gari duniani, kwa maoni yake, linavuta upande wa kushoto.

Sasa habari ya barua. Februari 1995 miezi mitatu ilitimia, nikaichapa na kuiweka mezani kwa baba. Akasema bado, ni lazima amtathmini tena. Wakachukua gari moja wakaenda milimani kutwa nzima, wakarudi na mkungu wa ndizi. Mei nikaichapa tena. Tathmini nyingine. Mshahara na michango yake ya uzeeni vilikwenda kama vya wengine, lakini kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka ishirini na miwili, baba alikataa kutia sahihi na wawili hao walitoweka kutwa. Kila Krismasi Mzee Urbani aliuliza, na kila Krismasi Kilian alibadilisha mazungumzo. Siku moja nilikasirika, nikamuuliza baba kwa nini anamtesa mtu wa watu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliniambia, "Nikimthibitisha, mwanangu, nitamwomba anitembeze kwa kisingizio gani?"

Tathmini ya mwisho ilikuwa Machi 2017. Baba alikuwa hawezi kukaa peke yake. Kilian alimzungushia mito, akamwendesha taratibu hadi mahali ambapo ziwa linaonekana lote, akazima injini. Walikaa huko hadi alasiri. Sijui waliongea nini, sikuuliza. Baba alifariki wiki tatu baadaye. Nilipoleta barua niitie sahihi mimi, Kilian alikataa. Alisema mtathmini wake hajatoa matokeo. Nilimwelewa, na nilikosea kumwelewa kwa muda mrefu hivyo, maana kuna mzee mwingine alikuwa anangoja.

Mwezi Oktoba mwaka huu Frederick wa utumishi alikuja ofisini ameshika jalada la Kilian, amechanganyikiwa, akaniarifu kwamba hatuwezi kumstaafisha mtu ambaye bado yuko kwenye matazamio. Nilicheka hadi nikalia, na sehemu ya mwisho haikuwa kicheko.

Kwa hiyo, Kaka Kilian, safari hii sikukuuliza. Kwa barua yenye sahihi yangu na mhuri wa yadi, umethibitishwa kazini leo, tarehe 31 Desemba, kuanzia saa tatu asubuhi. Utakuwa mwajiriwa kamili kwa saa saba, pamoja na haki ya kuchelewa, ambayo hujawahi kuitumia. Asante kwa milima yote. Asante kwa kumfanya baba yangu acheke ndani ya gari. Wewe na Dada Otilia tunawaombea siku ndefu, afya, na barabara kavu.

Mzee Urbani, umetoka Litembo na miaka yako themanini na minane, na miwani nimeona umeshaivaa. Shikamoo, baba. Bahasha ya kaki iliyo mezani mbele yako usimpe Kilian. Ifungue wewe, usome mwanzo hadi mwisho, pamoja na mhuri, na ukiridhika, tuambie kama tumkubali.