Nyumba Zisizo na Matofali: Dada Chaki Aaga Maktaba

Tarehe thelathini mwezi huu, mtengeneza tovuti wa maktaba yetu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Utawala umempa cheo kirefu ambacho hata yeye mwenyewe hukisahau katikati. Sisi tunamwita Dada Chaki, na tutaendelea kumwita hivyo ingawa nywele zake siku hizi zina weupe ambao dasta haiufuti.

Ndugu yake ni mwashi. Hilo nalisema mapema kwa sababu bila hilo hamtamwelewa. Kila mama yao akipita mjini, huwaonyesha watu kwa kidole: ukuta ule wa mwanangu, ghorofa lile la mwanangu. Kisha humgeukia binti yake na kumuuliza kwa upole, pasipo ubaya wowote, “Na wewe mama, yako iko wapi?” Dada Chaki hakuwahi kuwa na jibu. Tovuti haina mtaa. Isitoshe, kila aliyoijenga aliijenga juu ya kifusi cha ile ya kabla yake, na aliyeibomoa ya kabla yake ni yeye huyo huyo. Tano alizibomoa kwa mikono yake. Ikabaki ya sita.

Alianza kazi kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza yenye intaneti ilipoletwa, sote tuliizunguka kama mgeni asiyejua lugha yetu, tukaiangalia kwa adabu na kurudi kwenye meza zetu. Yeye akavuta kiti akakaa nayo. Baada ya miezi kadhaa ya kusoma kitabu kinene cha maelekezo, na kuunguza chai mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri, alitutolea tovuti ya kwanza: ukurasa mmoja, wenye picha ya jengo letu. Intaneti ya enzi hizo ilikuwa ikitembea kwa mkongojo. Picha ilishuka polepole kutoka juu, kwanza anga, halafu paa, halafu madirisha, na mlango ukaja mwisho kabisa. Tulivuta viti tukatazama. Mkutubi mkuu alinung’unika kwamba msomaji atazeeka akisubiri kuingia. Dada Chaki, mkono shavuni, alisema kuwa asubuhi nayo huingia chumbani hivyo hivyo, kidogo kidogo. Baadaye aliipunguza ile picha ikawa inafunguka mara moja. Mimi bado naikumbuka ile ya kwanza.

Jina la Chaki lilitokana na namna yake ya kufanya kazi. Kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, alisogeza meza zote za chumba cha mikutano na kuchora tovuti nzima sakafuni. Kila ukurasa ulikuwa na kisanduku chake, kila kiungo mstari wake. Kisha alituita mmoja mmoja, akatupa uhusika. Wewe ni mama mwenye mtoto mgongoni, unataka kujua kama tumefungua leo. Haya, tembea. Ukitembea bila kusita, mstari ulibaki. Ukisimama na kuangaza macho huku na huku, yeye hakukulaumu hata siku moja. Alipiga magoti, akaufuta mstari na kuuchora upya, akiimba chini chini. Mhasibu wetu alipotelea kati ya “Huduma” na “Wasiliana Nasi” hadi tukamletea chai pale pale alipokwama. Mkutubi mkuu alijaribu kukatisha njia kwa kuruka visanduku viwili, akarudishwa mwanzo kama mtoto wa shule, kwa maelezo kwamba kwenye skrini hakuna kuruka kuta. Suruali zetu zilikuwa nyeupe kuanzia magotini kushuka chini, na wasomaji wakadhani tunapaka rangi.

Kwa njia hiyo alijenga katalogi yetu ya kwanza ya mtandaoni, ukurasa wa herufi kubwa kwa wenye macho yaliyochoka, na mfumo wa kuweka kitabu akiba ukiwa nyumbani kwako umejilaza. Huo wa mwisho ndio uliompatia umaarufu ambao hakuutaka. Alihitaji kitabu cha kujaribia, kitabu ambacho hakuna binadamu angekuja kukidai. Akatunga kimoja: “Namna ya Kuukunja Mto,” kurasa mia mbili, rafu iliyo karibu na dirisha. Mfumo ukafanya kazi vizuri. Furaha ikamlevya, akasahau kukiondoa.

Wasomaji wakaanza kukiweka akiba. Fundi bomba alikihitaji haraka. Mwalimu mstaafu alikuja kila wiki kukiulizia, akiwa na mfuko wa kukibebea. Bwana mmoja aliapa mbele ya dawati langu kwamba alikwisha kukisoma zamani, na kwamba mwanzo wake ni mtamu ila mwisho umelegea. Foleni ya waliokisubiri ilipozidi ile ya kitabu chochote tulichonacho, mambo yalimfikia mkutubi mkuu, na Dada Chaki aliitwa ofisini. Alitoka amenywea. Alimwomba radhi msomaji mmoja mmoja, kwa simu, na fundi bomba alimwelewa kuliko wote. Jioni ile tulisimama naye dirishani, penye rafu tuliyoisingizia kitabu, akaniambia kwamba kinachomsikitisha hasa ni kuwa na yeye angependa kukisoma.

Mtu wa aina hiyo ukimwona ameduwaa mbele ya kompyuta, usidhani amelala. Mara nyingi nilimkuta anatazama ukurasa mtupu vile watu wanavyotazama mvua. Nikimuuliza anafanya nini, alinijibu kwamba anasikiliza mahali mlango unapotaka kukaa. Nilikuwa nikimcheka. Siku hizi nami hujikuta nafanya hivyo hivyo, na kazi inatoka.

Mwaka huu uamuzi ulifika kwamba tovuti ya sita itazimwa na nafasi yake ichukuliwe na mfumo mpya ulionunuliwa nje. Hakuna wa kulaumiwa, mashine zetu zimechoka. Lakini tarehe iliangukia wiki ile ile ya kustaafu kwake. Hakulalamika. Siku moja tu, tukiosha vikombe, aliniambia waziwazi kuwa inamuuma. Alisema kuondoka hakumtishi. Kinachomtisha ni kurudi nyumbani kwa mama yake na lile swali bado halijapata jibu. Tulikwenda kumwombea muda zaidi, tukakataliwa. Tulichopewa ni kimoja: azime yeye mwenyewe, siku anayotaka.

Akachagua Jumatano asubuhi, akamleta mama yake. Ndugu yake mwashi aliwasindikiza, amevaa shati la kutokea, vumbi la saruji bado liko masikioni. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha binti yake, miguu ikaning’inia. Kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima, kwa hiyo Dada Chaki alimfungulia ule ukurasa wa herufi kubwa. Bibi akaweka kidole kwenye skrini, akasoma kwa sauti: “Ka-ri-bu.” Akaitikia, “Starehe.” Kisha akaanza kutembea humo. Tulisimama nyuma yake bila kumsaidia, na hakupotea hata mara moja. Alijua tunafungua lini. Alijua vitabu vya kilimo viko wapi. Kwenye ukurasa wa watoto alimkuta konokono anayetambaa chini ya skrini taratibu, akasema atamsubiri afike. Basi tukamsubiri wote, pamoja na wasomaji waliokuwa wamekuja kuuliza mbona dawati halina mtu. Konokono alifika ukingoni, akageuka, akaanza kurudi. Bibi akacheka hadi ushungi ukamdondoka.

Aliposema ametosheka, Dada Chaki aliinama begani kwake akabofya. Skrini ikawa nyeupe. Ndugu yake, kwa nia njema kabisa, akasema ni bahati mbaya, maana sasa mama hana tena cha kuonyesha watu.

Bibi akamgeukia. “Nyumba zako huwa naziona nikiwa barabarani, mwanangu, na mlango ni wa wenyewe. Ya dada yako nimeingia.”

Dada Chaki alilia mbele yetu bila kujificha, nasi tukalia naye, na mhasibu alilia kuliko wote.

Tunakushukuru, dada yetu, kwa niaba ya wote walioingia miaka hii yote bila kujua ni nani aliyewafungulia. Pumzika kwa raha, uwe na afya na usingizi mnono, na siku zako zije kwako polepole, kuanzia angani.